MZINGA ULIOLINDA HATI ZA ASKARI

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wenyeji wa mji wa Austin, katika nchi ya Texas huko Amerika, hawakupata kuisikia methali hiyo, lakini asubuhi ya tarehe 30 Desemba, 1842, waliitii kwa moto wa mzinga.

Siku zile Texas haikuwa bado jimbo la Marekani. Ilikuwa jamhuri changa iliyojitenga na Meksiko mwaka 1836 baada ya vita vikali. Eneo lake la leo ni kubwa kuliko Kenya, ingawa halifikii la Tanzania. Lakini wakati huo watu wake walikuwa wachache, hazina yake ilikuwa tupu, na noti zake zilikuwa karibu hazina thamani. Kitu kimoja tu serikali ilikuwa nacho tele, nacho ni ardhi. Na habari zote za ardhi hiyo, nani amepewa, wapi na kwa sababu gani, zilikuwa ndani ya masanduku ya makaratasi katika Ofisi Kuu ya Ardhi mjini Austin.

Rais Sam Houston hakuupenda mji huo. Ulikuwa pembezoni mwa nchi, na aliyeuchagua kuwa makao makuu mwaka 1839 ni Mirabeau Lamar, mtangulizi wake ambaye hawakupatana. Machi 1842 majeshi ya Meksiko yaliuteka mji wa San Antonio, usio mbali na Austin, kisha yakaondoka. Septemba yakaja tena. Rais alikuwa na sababu njema ya kuzihamisha nyaraka, na wenyeji wa Austin nao walikuwa na sababu njema ya kumshuku. Waliona kwamba rais na mawaziri wakiondoka wanaweza kurudi siku yoyote, bali majalada ya ardhi yakishakwenda hayatarudi, na mji wao utakuwa mahame. Wakaunda kamati ya ulinzi, wakatangaza kwamba atakayegusa masanduku yale atakutana na bunduki.

Mwezi wa Desemba Houston alimwagiza Kanali Thomas Smith na Kapteni Eli Chandler wakazichukue nyaraka kwa siri, na wasimwage damu. Smith aliingia mjini na watu zaidi ya ishirini na magari matatu ya kukokotwa. Magari yalipokaribia kujaa, Bibi Angelina Eberly, mwenye nyumba ya kulala wageni, akayaona. Bibi huyo hakuanza kwanza kutafuta wanaume wa kuwaarifu. Alikwenda kwenye mzinga uliowekwa mjini kwa ajili ya hatari, akauelekeza huko kwenye Ofisi ya Ardhi, akaufyatua. Jengo likapigwa, hakuumia mtu, na mji mzima ukatoka nje.

Smith na watu wake walikaza mwendo pamoja na mzigo wao mpaka kwenye ngome ya Kenney, kando ya kijito cha Brushy, wakalala huko. Kulipokucha walijikuta wamezingirwa na watu wa Austin wakiongozwa na Kapteni Mark Lewis, na mzinga umewaelekea wao. Kwa kuwa amri ya rais ilikuwa kutomwaga damu, hapakuwa na la kujadili. Masanduku yakarudishwa Austin. Kisa hicho huitwa Vita vya Nyaraka mpaka leo, na mwaka 2004 sanamu ya shaba ya Bibi Eberly akiwa na mzinga wake ilisimamishwa katika barabara kuu ya mji.

Mkuu wa Ofisi ya Ardhi wakati huo alikuwa Bwana Thomas William Ward, mzaliwa wa Ireland. Desemba 1835 alipoteza mguu katika mapigano ya San Antonio, na mwaka 1841 akapoteza mkono mzinga wa sherehe ulipolipuka vibaya. Si vigumu kukisia alivyousikia mlio wa ule wa Bibi Eberly.

UJIRA WA DAMU

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini watu wazima walikuwa tayari kupigana kwa ajili ya makaratasi. Jibu ni kwamba makaratasi yale ndiyo yaliyokuwa mshahara. Jamhuri isiyo na fedha iliwalipa askari wake kwa ardhi. Kila miezi mitatu ya utumishi ilihesabiwa eka 320, mpaka kufikia eka 1,280. Aliyepigana San Jacinto tarehe 21 Aprili, 1836, siku jeshi la Jenerali Santa Anna liliposhindwa, aliongezewa eka 640, yaani maili moja ya mraba. Waliouteka mji wa San Antonio mwaka 1835 walipewa kiasi hicho pia, na hata warithi wa waliouawa Alamo na Goliad. Nje ya malipo ya kijeshi, mwenye familia aliyekuwa akiishi Texas siku ya kutangazwa uhuru, tarehe 2 Machi, 1836, alistahili zaidi ya eka 4,600. Mseja alipata karibu thuluthi yake.

Kuahidiwa ni jambo moja na kupata ni jingine. Askari alianza kwa kupata hati ya Wizara ya Vita iliyotaja muda aliotumika. Kisha alitafuta ardhi isiyo na mwenyewe, akamlipa mpima ardhi, na taarifa ya upimaji ikapelekwa Ofisi ya Ardhi ilinganishwe na ramani. Mwisho wa yote ndipo ilipotolewa hati miliki iliyotiwa saini na mkuu wa nchi. Njia ilikuwa ndefu, na askari mwenye njaa hangojei. Wengi waliwauzia walanguzi hati zao kwa bei ya kutupa, wakarudi makwao mikono mitupu, huku jina la mwingine likiandikwa juu ya ardhi waliyoilipia kwa damu.

Shida kubwa kuliko zote iliwaangukia wajane. Katika ngome ya Alamo, iliyoanguka tarehe 6 Machi, 1836, wapiganaji wote waliokuwamo waliuawa. Miongoni mwa walioachwa hai alikuwa Bibi Susanna Dickinson na mtoto wake mchanga wa kike. Mumewe, Almaron, alikuwa afisa wa mizinga. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mjane huyu aliiomba serikali dola 500. Akanyimwa. Hakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo, miaka iliyofuata warithi wa wenzake mumewe walipohitaji mtu wa kuapa kwamba ndugu yao kweli alikuwa ndani ya ngome ile, walimwendea yeye. Alisema aliyoyaona, karani akaandika, naye akatia alama yake. Sehemu ya yale yanayojulikana leo kuhusu waliokufa Alamo imetoka katika viapo vya namna hiyo, vilivyotolewa kwa ajili ya eka tu na wala si kwa ajili ya historia.

Yupo na shahidi wa namna nyingine. Mwaka 1873 Bwana William Zuber alichapisha kisa cha Mfaransa mmoja, askari mzee wa Napoleon aliyeitwa Rose, ambaye inasemekana alikataa kufa Alamo akaruka ukuta kabla ya shambulio la mwisho. Wengi walikikejeli kisa hicho kuwa ni hekaya. Katika miaka ya 1930 mtafiti R. B. Blake alipokuwa akipekua mafaili ya baraza la ardhi la wilaya ya Nacogdoches, akamkuta Rose. Alikuwa ametoa ushahidi katika madai ya warithi kadhaa, akieleza kwamba alimwacha fulani ndani ya Alamo siku tatu kabla ya ngome kuanguka. Baraza lilimsadiki, nao warithi wakapata haki yao kwa neno la mtu ambaye kila askari angemwita mtoro.

WASIOANDIKWA

Daftari humlinda aliyeandikwa. Katiba ya Texas ya mwaka 1836 iliwapa uraia na ardhi wote waliokuwapo siku ya uhuru, isipokuwa Waafrika na wazao wao, pamoja na wenyeji wa asili wa Amerika. Mtu mweusi aliye huru hakuruhusiwa hata kuishi nchini bila ya idhini ya Bunge.

Watu hao walikuwamo vitani. Samuel McCulloch, mtu mweusi huru, alipigwa risasi ya bega huko Goliad tarehe 9 Oktoba, 1835, na huhesabiwa kuwa wa kwanza kujeruhiwa upande wa Texas. Sheria ya mwaka 1840 ilipowaamuru weusi wote huru waihame nchi katika muda wa miaka miwili, mtu huyu mwenye bega lililovunjika kwa ajili ya nchi hiyo alilazimika kuliandikia Bunge barua ya kuomba abaki na jamaa zake. Alikubaliwa. Hendrick Arnold, mpelelezi aliyewaongoza wapiganaji kuingia San Antonio, ambaye mama yake alikuwa mweusi, alipewa ardhi kwa utumishi wake. Lakini hao walikuwa wachache sana. Hata baada ya utumwa kukomeshwa, sheria ya mwaka 1866 iliyowagawia walowezi eka 160 bure ilisema wazi kwamba ni kwa watu weupe tu.

Kisa cha kabila la Cherokee kinasikitisha zaidi, kwa sababu wao walikuwa na karatasi. Februari 1836 Houston mwenyewe alitia saini mkataba wa kuwapa ardhi mashariki mwa Texas, ili wasijiunge na adui. Vita vilipokwisha, Baraza la Senati likaukataa mkataba huo mwezi wa Desemba 1837. Julai 1839 jeshi likawafukuza, na mzee wao, Duwali, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 80, akauawa. Mkataba uliotiwa saini na usiothibitishwa haukumpa mtu hata eka moja katika majalada ya Ofisi ya Ardhi.

MOTO NA WAGHUSHI

Texas ilipoingia katika Muungano wa Marekani mwaka 1845, ilibaki na ardhi yake pamoja na madeni yake, jambo ambalo majimbo mengi ya magharibi hayakulipata. Ndiyo maana nyaraka hizi zimebaki mikononi mwa serikali ya jimbo, wala hazikupelekwa Washington.

Oktoba 1855 ofisi ya mkuu wa utawala wa jeshi la jimbo iliteketea kwa moto, na madaftari ya askari wa vita vya uhuru yakawa majivu. Hasara hiyo ilikuwa neema kwa walaghai. Askari wa kweli hakuwa tena na pa kuonyesha jina lake, na mghushi hakuwa tena na wa kumsuta. Mwaka uliofuata serikali iliunda Mahakama ya Madai ili kuchambua mbivu na mbichi. Nakala za madaftari ya askari zilizokuwa zimehifadhiwa katika Ofisi ya Ardhi ndizo zilizokuwa mizani.

Pengine moto huo ulifundisha. Jengo jipya la Ofisi ya Ardhi, lililokamilika mwaka 1857, lilijengwa kwa kuta nene za mawe. Tarehe 9 Novemba, 1881, jengo la Bunge la jimbo liliungua pamoja na nyaraka nyingi, lakini Ofisi ya Ardhi, iliyokuwa jirani, ilisalimika. Gharama ya Bunge jipya, lililofunguliwa mwaka 1888, ililipwa kwa eka milioni 3 za ardhi ya jimbo walizopewa wajenzi. Bila ya majalada na ramani, hakuna ambaye angejua eka hizo ni zipi. Miaka hiyohiyo, tangu 1887 hadi 1891, mchora ramani mmoja wa ofisi hiyo alikuwa kijana William Sydney Porter, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la O. Henry. Mojawapo ya hadithi zake za mwanzo inahusu jalada lililoibwa humo.

Jalada moja lina mengi kuliko jina na idadi ya eka. Wapima ardhi wa zamani walipima kwa minyororo iliyokatwa kwa vara, kipimo cha Kihispania chenye urefu wa inchi 33 na thuluthi moja, nacho kingali kinasomeka katika hati za Texas. Kwa kuwa nyika haikuwa na mawe ya mpaka, waliandika miti: mwaloni wa upana fulani kando ya kijito, kisha vara kadhaa kuelekea kaskazini, kisha mti mwingine uliochongwa alama. Leo wataalamu wa misitu huzisoma taarifa hizo ili kujua ni miti gani iliyoota mahali ambapo sasa pana mashamba ya pamba au barabara za lami. Mito nayo hubadili njia, na mwaloni huanguka. Kwa hiyo mipaka mingi haikukutana vizuri, na kati ya shamba na shamba pakabaki vipande vyembamba visivyo na mwenyewe. Hakuna aliyevijali vipande hivyo mpaka mafuta yalipopatikana. Baada ya kisima cha Santa Rita kububujika tarehe 28 Mei, 1923, katika ardhi ya Chuo Kikuu cha Texas, watu walifurika katika chumba cha majalada wakitafuta makosa ya wapimaji waliokwisha kufa zamani. Kipande kisicho na mwenyewe ni mali ya jimbo, na sehemu kubwa ya ardhi ya jimbo ilikuwa imetengwa kwa ajili ya shule za watoto.

Mafuta ya baharini yalileta mzozo mkubwa zaidi. Sheria ya Texas ya tarehe 19 Desemba, 1836, ilitaja mpaka wa bahari kuwa ligi tatu kutoka pwani, kiasi cha maili 10 za kawaida. Serikali ya Washington ilidai chini ya bahari ni kwake, na Mahakama Kuu ikakubali mwaka 1950. Mwaka 1953 Rais Eisenhower, jenerali wa zamani, alitia saini sheria ya kuyarudishia majimbo haki hiyo, na mwaka 1960 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Texas ina haki ya ligi zake tatu. Karatasi ya miaka 124 ikawa imeshinda.

WALIOTIA SAINI WASIYOYASOMA

Baada ya Vita Kuu ya Pili, jimbo lilikumbuka tena desturi ya kuwapa askari ardhi. Mwaka 1946 uliwekwa mpango wa mkopo: jimbo linanunua shamba, askari aliyerudi vitani analipa asilimia 5, na masalio anayalipa polepole kwa miaka 40. Mpango ulikuwa mzuri. Mwenyekiti wa bodi yake alikuwa mkuu wa Ofisi ya Ardhi mwenyewe, Bwana Bascom Giles.

Mwishoni mwa 1954, katika mji mdogo wa Cuero, mhariri wa gazeti Kenneth Towery alianza kusikia habari za ajabu. Askari wa zamani, wengi wao weusi na wenye asili ya Meksiko, walikuwa wakipata barua za kudaiwa fedha za mashamba ambayo hawakujua kwamba wameyanunua. Walikuwa wameitwa na mawakala, wakaambiwa kwamba serikali inatoa zawadi kwa waliopigana, wakaonyeshwa mahali pa kutia saini. Mawakala wale walikuwa wamenunua maeneo makubwa kwa bei ndogo, wakayakata vipande, kisha wakaiuzia serikali kwa bei kubwa kwa majina ya askari hao.

Towery alikuwa askari wa zamani pia. Alitekwa na Wajapani huko Corregidor mwaka 1942 akakaa kifungoni zaidi ya miaka mitatu. Hakuwa mtu wa kutishwa na mkubwa. Alikwenda Austin akamhoji Giles uso kwa uso, na yule bwana akaanza kujitetea kwa mambo ambayo hakuwa ameulizwa. Mwaka 1955 mhariri huyo alipata Tuzo ya Pulitzer. Giles alihukumiwa miaka sita, akaingia gerezani Januari 1956. Ushahidi uliomwangusha ulikuwa ndani ya mafaili ya mpango wake mwenyewe: majina, bei, tarehe na saini. Mpango wenyewe ulisafishwa, na ungali unawasaidia askari wa jimbo hilo.

Leo hifadhi ya Ofisi Kuu ya Ardhi ina hati zaidi ya milioni 35 na ramani zipatazo 45,000, nyingine za tangu utawala wa Kihispania. Sehemu yake imepigwa picha na yeyote aweza kuitazama katika intaneti bila malipo. Zamani ramani nyingi zilibandikwa juu ya kadi nene kwa gundi, au zilipochanika ziliunganishwa kwa utepe, na tiba hiyo ikawa maradhi mapya. Mafundi huibandua gundi hiyo kidogo kidogo, wakaondoa asidi, wakaziba nyufa kwa karatasi laini, na ramani moja yaweza kuchukua siku nyingi. Wajukuu wa askari hufika kuuliza. Hutaja jina na wilaya, na jalada likaletwa mezani: hati ya mwaka 1838, muda wa utumishi, idadi ya eka, maelezo ya mialoni miwili na kijito, na pale mahali pa saini, mara nyingi, msalaba mdogo wa wino, na jina la mwenyewe limeandikwa kandokando kwa mkono wa karani.